Jina Lako na Karte Yako

Kila mtu ana jina. Hupewa jina hilo siku za kwanza za maisha yake, na huenda nalo mpaka kaburini. Kijijini jina la mtu halihitaji karatasi. Watu wote wanamjua: huyu ni mtoto wa fulani, nyumba yao iko karibu na kisima, babu yake alikuwa mhunzi. Mgeni akiuliza, "Huyu ni nani?" majirani hujibu kwa ajili yake.

Lakini mtu hakai kijijini siku zote. Huenda mjini kutafuta kazi. Huenda hospitali, ao shule ya mbali. Tena vita inaweza kumfukuza yeye na jamaa yake yote. Huko anakofika hakuna jirani wa kumshuhudia. Basi anahitaji shahidi mwingine, shahidi anayeweza kusafiri naye mfukoni. Shahidi huyo ni kitambulisho.

Kitambulisho ni karte inayotolewa na Serikali. Inasema mambo machache tu: jina la mtu, siku na mahali alipozaliwa, majina ya wazazi wake, na mahali anapokaa. Ina picha yake na namba yake. Haisemi kama mtu ni mwema ao mbaya, tajiri ao maskini. Inasema neno moja: Ni yeye, si mwingine.

Katika somo hili tutaona namna raia wa Kongo anavyopata kitambulisho, namna anavyokitumia, na kwa nini kazi hiyo huanza siku mtoto anapozaliwa.

1. Karatasi za zamani

Wakati wa Wabeleji, mwanaume mtu mzima alipewa kitabu kidogo cha kumtambulisha. Ndani yake waliandika jina lake na kijiji chake, pia kodi aliyolipa na kazi aliyofanya. Sheria ya mwaka 1933 iliongeza neno lingine: Mkongo aliyetaka kuondoka katika sehemu yake kwa zaidi ya siku 30 alipaswa kupata kwanza ruhusa ya maandishi. Asipokuwa nayo, aliweza kuadhibiwa. Basi karatasi zile hazikuwa shahidi tu. Zilikuwa pia kamba ya kumfunga mtu mahali pamoja.

Katika nchi jirani ya Rwanda, iliyotawaliwa pia na Wabeleji, mambo yalikwenda vibaya kuliko hapo. Katika miaka ya 1930 Wabeleji walianza kuandika katika kitambulisho cha kila mtu kama yeye ni Mhutu, Mtutsi ao Mtwa. Baada ya uhuru neno hilo liliendelea kuandikwa. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, wauaji walisimama barabarani wakiwauliza wapita njia vitambulisho vyao. Wengi waliuawa kwa sababu ya neno moja lililoandikwa katika karte. Baada ya mauaji yale, Serikali ya Rwanda iliondoa neno hilo katika vitambulisho.

Tunajifunza nini? Karte ni kama kisu cha jikoni: kinakata mboga, na kinaweza pia kuumiza. Karte nzuri ni ile inayomtumikia mtu na kulinda haki yake. Haiandiki neno la kuwatenga watu wa nchi moja.

2. Kwa nini Wakongo wengi wana majina matatu?

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Mwaka 1971 Rais Mobutu aligeuza jina la nchi, ikaitwa Zaire. Mwaka 1972 Serikali ilikataza majina ya kigeni, kama vile Pierre, Joseph na Marie, yasiandikwe tena katika karatasi zake. Watu wakachukua majina mengine ya wazee wao. Mwaka 1990 katazo hilo likaondolewa, na wengi walirudia majina yao ya ubatizo bila kuyaacha yale mengine. Ndiyo maana mpaka leo, katika karatasi za Kongo, tunaona nafasi tatu: ya jina, ya jina la pili linaloitwa postinomu, na ya prenomu.

Majina matatu ni mali, lakini yanadai uangalifu. Mtu akibadilisha mpango wake, ao akiacha moja, karani anaweza kudhani ni mtu mwingine.

3. Karte ya uchaguzi

Mara ya mwisho watu wote wa nchi walipohesabiwa ilikuwa mwaka 1984. Baadaye zikaja shida na vita, na Wakongo walikaa miaka mingi bila kitambulisho kipya cha taifa.

Mwaka 2005 nchi ilijitayarisha kwa uchaguzi. Vituo vya kuandikisha vilifunguliwa mijini na vijijini, na zaidi ya watu milioni 25 wakaandikishwa. Kila mmoja alipewa karte ya uchaguzi yenye picha yake. Kwa sababu kitambulisho cha taifa kilikosekana, sheria ilisema karte ya uchaguzi itumike kwa muda mahali pake. Muda huo ukawa mrefu. Karte mpya zilitolewa kabla ya uchaguzi wa mwaka 2011, na wa 2018, na wa 2023. Kwa uchaguzi wa 2023 walioandikishwa walikuwa karibu milioni 44.

Tarehe 30 Juni 2023, huko Kinshasa, Rais Félix Tshisekedi alianzisha karte mpya ya taifa. Lakini raia walio wengi hawakuipata, na karte ya uchaguzi iliendelea kufanya kazi mbili: kupigia kura na kumtambulisha mtu.

Karte hiyo hupatikanaje? Raia mwenye miaka 18 huenda mwenyewe kwenye kituo cha kuandikisha. Hawezi kumtuma ndugu yake, kwa maana picha na alama za vidole ni zake peke yake. Huonyesha karatasi inayothibitisha yeye ni nani: karte yake ya zamani, cheti cha kuzaliwa, pasipoti, ao nyingine inayokubaliwa na sheria. Asiye na karatasi yo yote huja na mashahidi wanaomfahamu, waliokwisha kuandikishwa pale. Karani huandika habari zake katika mashine, humpiga picha, na huchukua alama za vidole. Kisha karte hutoka, naye huipokea mkononi. Hailipiwi franga.

Kabla ya kuondoka kituoni, mwenye karte aisome yote polepole. Asiyejua kusoma amwombe mtoto wake anayesoma shuleni. Kosa likionekana palepale ni rahisi kusemwa. Likionekana baada ya miaka miwili ni taabu.

4. Mahali pa kuitumia

Mwenye karte huionyesha siku ya kupiga kura. Huionyesha kwenye barieri akisafiri, benki akifungua konti, na dukani akinunua karte ya simu. Huihitaji akiomba kazi ao pasipoti. Akipokea feza iliyotumwa na ndugu wa mbali, mlipaji huangalia kwanza kama jina na picha ni vyake.

Wasio na karte hupata taabu mahali hapo pote. Mwaka 2023 uchaguzi haukufanyika Masisi na Rutshuru katika Kivu ya Kaskazini, wala Kwamouth katika Mai-Ndombe, kwa sababu ya vita. Watu wengi wa sehemu hizo walikuwa wamekimbia makwao. Aliyekimbia usiku huacha mbuzi, huacha sufuria, na mara nyingi huacha karatasi ndani ya nyumba inayoungua. Ndipo anapoona kwamba karatasi nyepesi ilikuwa mali nzito.

5. Karatasi ya kwanza

Watoto wengi wanadhani mambo haya ni ya wakubwa, yatawahusu wakifika miaka 18. Sivyo. Karte ya mtu mzima inasimama juu ya karatasi nyingine, kama nyumba juu ya msingi. Msingi huo ni cheti cha kuzaliwa.

Sheria ya jamaa ya Kongo, iliyotolewa mwaka 1987, iliwaambia wazazi kutangaza mtoto ndani ya siku 30. Mwaka 2016 sheria hiyo ilitengenezwa upya, na siku zikaongezwa kuwa 90. Tena sheria ya mwaka 2009 ya kuwalinda watoto inasema kwamba kuandikishwa katika siku zilizopangwa ni haki ya mtoto, tena ni bure.

Wazazi huenda kwenye buro ya etasivili. Mjini buro hiyo iko katika komine. Kijijini iko katika sekta ao sheferi. Tusikilize mazungumzo ya baba mmoja na karani wa buro:

– Jambo, bwana karani.

– Jambo, papa. Karibu, ukae. Unaleta habari gani?

– Habari ya furaha. Mke wangu amejifungua mtoto mwanamke. Nimekuja kuleta jina lake.

– Hongera, papa! Mtoto ana siku ngapi?

– Ana mwezi mmoja na nusu. Karatasi ya maternite ni hii hapa.

– Umefanya vema. Siku 90 hazijapita. Mtoto anaitwa nani?

– Anaitwa Cibalonza. Ni jina la mama yangu.

– Niandike kwa C ao kwa Ch?

– Lo, bwana karani! Si ni jina moja tu?

– Mdomoni ni jina moja, papa. Katika karatasi ni watu wawili.

Baba anafikiri kidogo. Kisha anasema:

– Katika karte ya mama yangu wameandika kwa C.

– Basi tutaandika kwa C. Na shuleni, na hospitali, na kanisani, mwandikishe vilevile, herufi kwa herufi.

– Nitalipa franga ngapi?

– Kumtangaza mtoto kabla ya siku 90 ni bure. Ungalikawia, tungalihitaji hukumu ya tribunali. Hapo ungaliona safari nyingi na gharama nyingi.

Baba huyo alikuwa na karatasi mbili mkononi aliporudi nyumbani. Tusizichanganye. Karatasi ya maternite inasema kwamba mtoto alizaliwa pale. Inamsaidia karani kuandika. Cheti cha kuzaliwa ndicho kinachotolewa na Serikali, na jina la mtoto hubaki katika kitabu kikubwa cha buro. Vilevile karte ya ubatizo inashuhudia ubatizo, lakini haichukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa. Wazazi wengi hupewa karatasi ya maternite, hudhani kazi imekwisha, na huiweka sandukuni. Kumbe safari ya buro bado. Katika uchunguzi uliofanywa miaka ya 2017 na 2018, ilionekana kwamba kati ya watoto 100 wa Kongo wasiofika miaka 5, waliokuwa wameandikishwa walikuwa 40 tu.

6. Herufi moja

Tuseme mtoto yule amekua. Katika cheti cha kuzaliwa ni Cibalonza. Siku ya kuandikishwa kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mtu ameandika Chibalonza, na hakuna aliyeangalia. Jina hilo linaingia katika karatasi za mtihani. Miaka inapita. Anapata diploma, anaomba kazi, na anaweka karatasi zake zote juu ya meza. Mwenye kazi anauliza, "Diploma hii ni ya nani?" Msichana anasema ni yake. Majirani wanajua ni yake, walimu wake wanajua ni yake. Lakini karatasi mbili zinabishana, naye hana namna ya kuzipatanisha siku ileile. Anatumwa buro hii, anatumwa tribunali ile, na wakati huo kazi inapewa mwingine.

Basi mwanafunzi ajue tangu sasa majina yake yote matatu, mpango wake, na herufi zake. Ajue siku, mwezi na mwaka aliozaliwa. Mwalimu akisoma orodha ya mtihani, na kosa likiwemo, mwanafunzi aseme mara moja kwa heshima. Si utovu wa adabu kutetea jina ulilopewa na wazazi wako.

7. Miaka ya kweli

Liko jambo lingine zito kuliko herufi: ni miaka. Siku za kuandikisha, wako vijana wa miaka 15 ao 16 wanaosema, "Nina miaka 18." Wanataka karte ili wapite njiani bila kuulizwa, ao wajione wamekuwa wakubwa. Wako pia watu wazima wanaowatuma kufanya hivyo. Tena wako wanaojiandikisha mara mbili. Kabla ya uchaguzi wa 2018, wenye kusimamia uchaguzi waliondoa majina zaidi ya milioni 6 katika orodha, mengine kwa sababu yalikuwa yameandikwa zaidi ya mara moja, mengine kwa sababu wenyewe hawakufika miaka 18. Yakabaki majina karibu milioni 40.

Kijana anayejiongezea miaka anafikiri amemdanganya karani. Kumbe amejidanganya mwenyewe. Kwa nini?

Sheria ya Kongo inakataza kumwoza mtoto asiyefika miaka 18, mwanamume ao mwanamke. Inakataza kumtia mtoto jeshini ao katika kikundi cha wenye silaha. Tena mtoto akishitakiwa, haamuliwi kama mtu mzima. Hupelekwa kwenye tribunali ya watoto. Sheria hizo ni ukuta wa kumlinda. Lakini mlango wa ukuta huo hufunguliwa kwa swali moja: "Una miaka mingapi?" Cheti cha kuzaliwa kikisema 15, shahidi anamtetea mtoto. Karte ya uongo ikisema 18, shahidi yuleyule anageuka kumshitaki. Siku msichana atakapolia, "Mimi ni mtoto bado," mtu ataonyesha karte na kusema, "Wewe mwenyewe ulisema umekuwa mkubwa."

Ndiyo maana wazee wanasema: Njia ya mwongo ni fupi. Shahidi anayesema kweli husaidia mpaka uzee. Aliyefundishwa uongo humponza bwana wake.

8. Kuitunza

Karte ya plastiki inaonekana ngumu, lakini si chuma. Baada ya kuandikishwa kwa mwaka 2023, watu wengi walilalamika kwamba maandishi ya karte zao yalifutika upesi. Basi karte isiwekwe katika jasho, wala jua, wala maji. Vyeti vya jamaa viwekwe pamoja katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, mahali baba na mama wanapopajua wote wawili. Ikiwezekana, wapige fotokopi na kuiweka mahali pengine, kwa ndugu mwaminifu.

Raia asimwachie mtu karte yake kuwa rehani ya deni, wala asimwazime mwingine. Karte ikipotea, mwenyewe aende upesi buroni kutangaza, apewe karatasi inayoshuhudia kwamba imepotea. Akinyamaza, mwingine anaweza kufanya ubaya kwa jina lake.

Jina jema ni bora kuliko mali. Mtoto hawezi kuandika sheria, wala hawezi kufungua kituo cha kuandikisha. Lakini anaweza leo jioni kumwuliza mama yake: "Mama, cheti changu cha kuzaliwa kiko wapi?" Kikiwapo, wakisome pamoja. Kisipokuwapo, wasione haya. Kesho ni siku ya kuanza kukitafuta, na mdogo wake aliyezaliwa juzi bado ana siku zake 90.

Maulizo

1. Kwa nini mtu hahitaji kitambulisho kijijini kwake, na anakihitaji mbali?
2. Kitabu cha wakati wa Wabeleji kilikuwa kamba kwa namna gani?
3. Neno gani liliandikwa katika vitambulisho vya Rwanda, na lilileta msiba gani mwaka 1994?
4. Tangu mwaka 2005, karte gani imetumika mahali pa kitambulisho cha taifa katika Kongo?
5. Mtoto atangazwe ndani ya siku ngapi? Asipotangazwa, wazazi watapata shida gani?
6. Karatasi ya maternite na cheti cha kuzaliwa zinatofautiana namna gani?
7. Karani alitaka kusema nini aliposema, "Katika karatasi ni watu wawili"?
8. Kijana wa miaka 15 anayejiandikisha kuwa na miaka 18 anapoteza nini?

Kazi ya kuandika

Andika katika daftari yako majina yako yote kwa mpango wake, siku na mahali ulipozaliwa, na majina ya baba na mama. Peleka daftari nyumbani, ulinganishe na cheti chako. Ukiona herufi moja inayotofautiana, mwonyeshe mwalimu.